UMEME KATIKA NYUMBA YA ZAMANI



Vijiji vingi vya Tanzania vimepata umeme baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007. Lakini ziko nyumba za vijijini zilizotiwa umeme mapema zaidi, katika miaka ya 1970 na 1980. Waya za nyumba hizo zimezeeka. Somo hili linahusu nyumba kama hizo. Kama nyumba yako ni mpya, soma pia. Nayo itazeeka.

1. Nyumba ya babu

Babu mmoja alijenga nyumba kwa fedha za kahawa. Fundi alimwekea taa nne na soketi mbili. Wakati ule babu alikuwa na redio tu.

Miaka ikapita. Watoto wakakua, wakaleta vitu kutoka mjini. Walileta pasi, friji, televisheni na birika la umeme. Vyote vilichomekwa kwenye soketi zile zile mbili. Basi kila jioni fyuzi iliungua na nyumba ikawa giza.

Mjukuu mmoja akachoka. Alitoa waya mwembamba ulioungua ndani ya fyuzi, akaweka kipande cha waya mnene. Umeme haukukatika tena. Watu wote wakamsifu.

Usiku mmoja bibi aliamka. Alisikia harufu ya mpira unaoungua. Moshi ulikuwa unatoka darini. Bibi akapiga kelele, watu wakaamka, swichi kuu ikazimwa. Wote walitoka salama, lakini dari ya chumba cha watoto iliungua.

Kesho yake akaja fundi, kijana wa pale pale kijijini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Fyuzi hii ilitusumbua muda mrefu. Tulipoitengeneza, nyumba ikawaka moto. Kwa nini?"

"Babu, fyuzi ilikuwa nzima. Kila jioni ilikuwa inawaambia kwamba mzigo umezidi. Ninyi mkaiziba mdomo."

2. Fyuzi ni mlinzi

Umeme ukipita katika waya, waya hupata joto. Umeme ukiwa mwingi, joto huwa kali. Ndani ya fyuzi kuna waya mwembamba. Huo huyeyuka kwanza, umeme ukakatika, na waya za nyumba zikapona.

Ukiweka waya mnene au msumari, fyuzi haiyeyuki. Waya za ukutani na darini ndizo zinazochemka, nawe huzioni. Nyumba nyingine hazina fyuzi za waya. Zina sakiti breka, ambayo hujizima yenyewe mzigo ukizidi. Nayo ni mlinzi. Ikijizima mara kwa mara, usiifunge wala usiilazimishe.

Sasa tufanye hesabu. Kila chombo cha umeme kimeandikwa wati zake. Umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Gawanya wati kwa 230. Utapata ampea, yaani kiasi cha umeme kinachopita katika waya.

Pasi ya wati 1,150 hutumia ampea 5.
Birika la wati 2,300 hutumia ampea 10.
Vyote viwili pamoja ni ampea 15.

Fyuzi ya soketi za babu ilikuwa ya ampea 15. Pasi na birika peke yake vilitosha kuijaza. Kulikuwa bado na friji na televisheni. Je, unashangaa kwamba iliungua?

Dawa ni rahisi. Usitumie pasi na birika kwa wakati mmoja. Usichomeke vyombo vya joto vingi kwenye ekstensheni moja. Ukihitaji vyombo vingi, mwite fundi aongeze waya mpya wenye fyuzi yake.

3. Kagua nyumba yako

Kagua kwa macho, pua na masikio. Usiguse waya kwa mkono. Tafuta dalili hizi:

(a) Soketi au swichi yenye joto, iliyobadilika rangi au inayolegea.
(b) Harufu ya mpira unaoungua.
(c) Taa zinazofifia kila friji inapowaka.
(d) Mlio wa cheche ndani ya swichi.
(e) Waya uliotafunwa na panya, au uliopasuka mpira wake.
(f) Bati linalovuja juu ya waya au juu ya taa.
(g) Friji, bomba au bati linalokutekenya ukiligusa.

Dalili ya mwisho ni ya hatari sana. Maana yake umeme unavuja. Waya uliochubuka ukigusa bati, paa zima linaweza kuwa na umeme. Kama kamba ya kuanikia nguo ni ya waya na imefungwa kwenye paa, mama anayeanika nguo mbichi anaweza kufa. Tumia kamba ya katani au ya plastiki.

Ukiona dalili yoyote, zima swichi kuu kwanza. Kisha mwite fundi.

4. Kazi ya fundi

Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akague mambo matatu.

Kwanza, waya wa ardhini. Waya huu umefungwa kwenye fimbo ya chuma iliyochimbiwa nje ya nyumba. Umeme ukivuja, waya huu huupeleka ardhini. Katika nyumba za zamani mara nyingi umekatika au umeshika kutu.

Pili, swichi inayokata umeme mara moja umeme unapovuja. Nyumba nyingi za zamani hazina. Ni swichi inayookoa maisha. Ikiwekwa, bonyeza kitufe chake chenye herufi T kila baada ya miezi mitatu. Ikiwa nzima, itajizima.

Tatu, rangi za waya. Zamani waya wenye umeme ulikuwa mwekundu na wa pili mweusi. Waya mpya ni wa kahawia na wa buluu. Nyumba iliyoongezewa waya huwa na rangi zote. Kwa hiyo usitegemee rangi. Fundi atapima kwa kipimo chake.

Waya unaotoka kwenye nguzo mpaka kwenye mita si wako wala si wa fundi. Ukilegea au ukianguka, kaeni mbali na mpige simu TANESCO.

5. Mtu akinaswa na umeme

Usimshike. Nawe utanaswa. Zima swichi kuu. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu hadi aachane na waya. Waya ulioanguka kutoka kwenye nguzo usiusogelee hata kwa mti. Mpeleke mtu hospitali, hata kama anasema amepona.

Moto wa umeme usiumwagie maji. Zima swichi kuu, kisha tumia mchanga mkavu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Gharama ya fundi ni ndogo kuliko gharama ya dari. Na dari hujengwa tena, mtoto hajengwi.

MASWALI

1. Kwa nini fyuzi ya babu iliungua kila jioni?
2. Mjukuu alifanya kosa gani? Wewe ungefanya nini?
3. Jiko la umeme ni la wati 1,840. Linatumia ampea ngapi? Likiwashwa pamoja na birika la ampea 10, fyuzi ya ampea 15 itafanya nini?
4. Je, watu wote nyumbani kwako, hata watoto, wanajua swichi kuu iko wapi? Leo jioni waonyeshe.