Mpaka wa Watu Watatu

Hesabu ninayotaka kuwaonyesha leo haihitaji rula wala bikari. Yataka tujue tu nani alipatana na nani.

Tuseme majirani watatu wa hapa Terrat, A, B na C, wana mashamba yanayokutana kwenye pembe moja. A na B wamepatana mpaka wao. B na C vivyo hivyo. C na A vivyo hivyo. Je, shauri limekwisha? La! Mistari mitatu yaweza kukosa kukutana mahali pamoja, ikabakiza kipande katikati. Kwa mapatano ya kwanza kipande hicho ni cha A, si cha B. Kwa ya pili ni cha B, si cha C. Kwa ya tatu ni cha C, si cha A. Kila mapatano ni halali, lakini kipande hakina mwenyewe.

Sasa tuchore. Kila mtu ni nukta. Wawili waliopatana tunawaunganisha kwa mstari. Watatu wakisimama pamoja penye jiwe la mpaka na kupatana, tunaipaka rangi pembetatu yao, na jozi zao zote tunazihesabu kuwa zimepatana. Mchoro wa namna hii wanahesabu huuita kompleksi ya simpleksi. Pale ambapo kundi la watatu halilazimu jozi zake kuhesabiwa, huitwa haipagrafu.

Kanuni ni hii: hesabu nukta, toa mistari, jumlisha pembetatu. Majirani wetu wanapata 3 − 3 = 0. Wakikutana wote watatu, 3 − 3 + 1 = 1. Ile sifuri ilikuwa dalili ya tundu. Asili ya kanuni hii ni kazi ya Mswisi Leonhard Euler (1707–1783). Mfaransa Henri Poincaré aliipanua katika maandiko yake ya mwaka 1895.

Lakini tahadhari! Akiongezeka D asiyepatana na yeyote, tunapata 4 − 3 = 1, na tundu lingalipo. Sababu yake ni kwamba jibu ni idadi ya vipande vya mchoro, toa matundu, jumlisha mapango. Hapa vipande ni 2 na tundu ni 1.

Pango ni nini? Watu wanne wakipatana watatu watatu kwa kila njia, bila wote wanne kukutana, tunapata 4 − 6 + 4 = 2: piramidi iliyofungwa pande zote, ndani tupu. Kipande 1, matundu 0, pango 1.

Basi mzee akiuliza kwa nini mwenyekiti wa mtaa awaite majirani wote kwa siku moja, mjibuni kwa hesabu: mapatano matatu ya wawili wawili si sawa na moja la watatu.

Zoezi: Watu watano wamepatana watatu watatu kwa kila njia, lakini wanne hawajakutana kamwe. Mchoro wao una mapango mangapi?