Ini Linapolemewa na Dawa

Ukisikia mtu amekatwa maini, unajua kaumizwa moyo. Leo nazungumzia ini lenyewe, hili la chini ya mbavu za kulia.

Mwaka jana mjomba wangu wa Kawangware alianza dawa za kifua kikuu. Ni matibabu ya miezi 6, na miezi 2 ya kwanza dawa ni 4: isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli. Siku za mwanzo mkojo ukawa rangi ya chungwa. Mjomba kidogo azitupe! Muuguzi akamwambia hiyo ni rangi ya rifampisini tu, haina neno.

Wiki ya tano mambo yakageuka. Chakula hakipiti, kichefuchefu, mkojo kama chai ya rangi, macho manjano. Jirani akasema, "Hiyo homa ya manjano." Sivyo, homa hiyo huletwa na mbu. Umanjano wa mjomba ulitokana na ini kulemewa, likashindwa kuondoa nyongo damuni. Dawa 3 za kwanza nilizotaja zote huweza kuliumiza, na pombe huzidisha. Mjomba hakuwa ameiacha. Alinikataza nisiseme, nami nikanyamaza siku 3 nzima, jambo ninalojilaumu hadi leo.

Ya nne nikamwambia mama. Tukapanda matatu ya 46 hadi hospitali. Daktari akapima damu, akasimamisha dawa zote. Ini lilipotulia zikarudishwa mojamoja, rifampisini kwanza, damu ikipimwa kila hatua.

Mjomba amepona kabisa, ila bado ananiita mchongezi.