Nani Apima Mzigo wa Mtumishi wa Nyumbani?

Mtu afikaye lango la Marangu asubuhi huona jambo lifaalo kutafakariwa. Kabla wapagazi hawajaanza kuupanda Mlima Kilimanjaro, mizigo yao hutiwa katika mizani. Kanuni za Hifadhi haziruhusu mpagazi abebeshwe mzigo wa mgeni uzidio kilo 20. Mgeni haulizwi kama ana moyo mwema au mbaya. Mizani ndiyo isemayo.

Sasa tuteremke, tuwafuate wana wa Marangu waliokwenda kuishi ugenini, Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko. Wengi wamelelewa kihambani, ambako kazi ni ya wote: huyu akata majani ya ng'ombe, yule ateka maji, mwingine apalilia kahawa chini ya migomba. Bibi yupo wa kumshika mtoto, na shangazi yu ng'ambo ya mfereji. Nani alihitaji mtumishi?

Ugenini mambo ni mengine. Baba ametoka alfajiri, mama naye yuko kazini, na jirani hajulikani hata jina. Basi aletwa msichana, pengine kutoka Iringa au Singida, pengine binti wa ndugu kutoka kijijini. Watu ambao hawakupata kuwa na mtumishi wajikuta ghafula wamekuwa matajiri wa mtu. Jambo hilo ni geni kwao, nalo huzaa makosa mawili.

Kosa la kwanza ni majivuno: kuamrisha kwa ukali, na kumlisha mwenzako makombo. Hilo kila mtu hulitambua na kulilaumu.

Kosa la pili limejificha, nalo huwapata hata watu wema. Mwenye nyumba aona haya kuitwa tajiri, naye asema, "Huyu si mtumishi, huyu ni mtoto wetu." Maneno mazuri! Lakini tuyachunguze. Mtoto wa nyumba hulala saa tatu. Huyu aosha vyombo hata saa tano. Mtoto wa nyumba huenda shule. Huyu huwasindikiza wenzake hadi mlangoni pa shule, kisha hurudi kufua. Na kwa kuwa ni "mtoto", hakuna aliyetaja mshahara, wala saa za kazi, wala siku ya kupumzika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe siku ya kwanza, wala hakuambiwa saa ya kuliweka chini.

Uchungu wa jambo hili twaujua likiwapata binti zetu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania waliotumikia nyumba za watu Oman na Falme za Kiarabu. Walisimulia kunyang'anywa pasi za kusafiria, kufanyishwa kazi saa nyingi bila mapumziko, na kunyimwa mshahara. Tuliosoma habari hizo tulisikitika, tena kwa haki. Lakini yatupasa kujiuliza: msichana aliye jikoni mwetu, ambaye simu yake tumeiweka kabatini na mshahara wake "tunamtunzia", atasimulia nini akirudi kwao?

Dawa si kupunguza upendo, bali kuupa mizani. Nayo mizani ipo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamhusu mtumishi wa nyumbani kama imhusuvyo karani wa ofisini. Basi tushike haya:

Kwanza, tuandikiane kabla ya kazi kuanza: kazi gani, mshahara kiasi gani, na walipwa lini. Mshahara usipungue kima cha chini kilichotangazwa na Serikali, nao utiwe mkononi mwake mwenyewe.

Pili, saa zake za kawaida zisizidi 45 kwa juma, na kila juma apate pumziko la saa 24 mfululizo.

Tatu, kila mwaka apate likizo ya siku 28 yenye malipo.

Nne, mtoto asiyetimiza miaka 14 asiajiriwe kamwe, hata akiwa binti wa ndugu. Mahali pake ni shuleni.

Naye aishiye Nairobi au nchi nyingine aulize sheria ya huko, aifuate.

Kila Desemba magari hupanda kwa wingi kuelekea Marangu kwa sikukuu. Hapo ndipo pa kujipima. Je, mtumishi yumo garini? Akiwamo, aenda kusherehekea, au kuupikia ukoo mzima? Asipokuwamo, yuko kwa mama yake, au ameachwa peke yake kulinda nyumba?

Ndugu msomaji, sisi tuishio mjini twajihesabu kuwa wageni, twakumbuka nyumbani na kulalamika. Kumbe ndani ya nyumba yetu yumo aliye mgeni kuliko sisi, naye hana wa kumlalamikia. Tena watoto wetu watazama. Tumtendeavyo msichana huyu leo, ndivyo watakavyowatendea wengine kesho, wakidhani ndiyo adabu ya nyumba.

Mpagazi ana mizani langoni. Mtumishi wa nyumbani ana sheria na dhamiri zetu tu. Tusimfanye azikose zote mbili.