Hakuna Aliyekubali Kuwa Mfilisti

Ndagala, yaani dagaa wa Ziwa Tanganyika, huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukijaa wavuvi wa Rumonge, hapa Burundi, hulala nyumbani. Ndiyo maana kikundi chetu cha kusoma Biblia hujaa watu wakati wa mbalamwezi. Nimekiongoza tukipita Yoshua, Waamuzi na Samweli, vitabu ambamo Israeli haishi kupigana na majirani: Wakanaani, Wamoabu, Waamoni, Wafilisti, Waamaleki. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kila msomaji ni Mwisraeli

Kwenye mkeka mmoja wanakaa waliovushwa ziwa wakiwa watoto wakati wa mauaji ya 1972, wakakulia Ulyankulu, Katumba au Mishamo huko Tanzania, pamoja na waliobaki huku au waliopewa mashamba baada ya wale kukimbia. Tukisoma habari za nchi ya ahadi, wa kwanza husikia safari yao ya kurudi. Wa pili husikia habari za watu waliopewa nchi, wakailima na kuijenga. Niliuliza ni nani basi aliye upande wa Wafilisti. Walitazamana, wakacheka, na hakuna aliyeinua mkono.

2. Maadui wengi ni watu wa ukoo mmoja

Moabu na Amoni ni wana wa Lutu, mtoto wa ndugu yake Abrahamu. Edomu ni Esau, pacha wa Yakobo, na Amaleki ni mjukuu wa Esau huyohuyo. Midiani alizaliwa na Abrahamu mwenyewe kwa Ketura. Wafilisti ndio wageni hasa: nabii Amosi anasema walitoka Kaftori, ambako wataalamu wengi wanadhani ni Krete, na uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya Ashkeloni uliotolewa 2019 ulikuta asili ya kusini mwa Ulaya.

Nilipomaliza kuuchora ukoo huo ubaoni, mzee mmoja mwenye michikichi akasema, "Kumbe hii ni kesi ya urithi." Katika nchi ambayo pande zote zinaongea Kirundi kilekile, hakuhitaji kueleza.

3. Waamuzi 11 haisomwi kwa haraka

Mfalme wa Waamoni anamdai Yeftha, kiongozi wa Waisraeli: mlipotoka Misri mliichukua ardhi yangu, kutoka Arnoni hadi Yaboki, basi irudisheni kwa amani. Yeftha hakimbilii upanga. Anatuma wajumbe na historia. Ardhi ile, anasema, tuliitwaa kwa Sihoni mfalme wa Waamori, wala si kwenu. Tena tumekaa Heshboni miaka 300, mbona hamkuidai muda wote huo?

Jioni ile hatukuvuka sura hiyo. Hapa kwetu maneno ya pande zote mbili yanajulikana kwa moyo. Machafuko ya tarehe 29 Aprili 1972 yalianzia kwenye pwani hii, Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliwaua Watutsi. Serikali ikajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, na makadirio mengi huanzia watu 100,000. Mashamba ya waliokimbia yaligawiwa wengine, na sehemu ikaingia kwenye mradi wa michikichi. Halafu sheria zikagongana. Sheria ya Ardhi ya 1986 ilimlinda aliyekaa mahali miaka 30. Mkataba wa Arusha wa 2000 ukasema mkimbizi arudishiwe mali yake au alipwe fidia. Kufikia 2008, waliokimbia wakiwa wanarudi kwa wingi, ilikuwa imepita miaka 36. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa 2006, kwanza ilihimiza watu wagawane, kisha ikageuka na kutaka mwenyewe arudishiwe yote.

Sasa tazama: hoja ya Yeftha ni ya aliyekaa, na miaka yake ni mara kumi ya ile ya sheria ya 1986. Dai la Mwamoni ni la aliyerudi. Mama mmoja aliyekulia Mishamo alijikuta anamtetea mfalme wa kipagani: "Kama wazee wake walifukuzwa, angedai vipi?" Jirani yake, ambaye anagombania naye mpaka, alishika upande wa Yeftha. Walibishana hadi usiku, na hakuna aliyetaja shamba la mwenzake.

4. Adui naye aliandika

Mwaka 1868 huko Dhiban, Yordani, lilionekana jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu anayetajwa katika 2 Wafalme 3. Leo liko Louvre, Paris. Mesha anasema Israeli iliitesa Moabu kwa kuwa mungu wake, Kemoshi, alikuwa ameikasirikia nchi yake. Kisha anajisifu kuwa aliiteka Nebo na kuua watu 7,000. Ukifuta majina, ungedhani unasoma Waamuzi. Wanakikundi hawakulipenda jiwe hilo. Mimi ningependa lisomwe kila mwaka.

5. Jina la Amaleki haliazimishwi

Katika 1 Samweli 15 Sauli anaamriwa kuwaangamiza Waamaleki wote, hata watoto. Kwa tulikotoka, sura hiyo hainipi usingizi mzuri, na sikubali mtu amwite jirani yake Mwamaleki hata kwa mzaha. Kijana mmoja fundi wa mitumbwi ndiye aliyegundua jambo: katika sura ya 30, Waamaleki hao bado wapo, wanauchoma Siklagi, mji wa Daudi. Na anayemwongoza Daudi kuwafuata ni mtumwa Mmisri, ambaye bwana wake Mwamaleki alimtupa porini alipougua.

6. Waulize Waislamu wa mtaani

Rumonge haina uhaba wa Waislamu. Muuza ndagala mmoja aliniambia kwamba Wamidiani, ninaowataja kama maadui wa Gideoni, wana nabii wao ndani ya Kurani: Shuaibu, aliyewakemea kwa kupunja vipimo. Na sokoni mizani inajulikana.

7. Arauna alilipwa

Daudi aliuteka mji wa Yerusalemu kutoka kwa Wayebusi. Hata hivyo, alipohitaji kiwanja cha kupuria cha Arauna Myebusi, alikataa kupewa bure, akalipa shekeli 50 za fedha. Nilitaraji watu wamsifu Daudi. Badala yake yule mama wa Mishamo akauliza: aliyeshindwa vita akimwambia mfalme achukue tu, ni ukarimu au ni woga? Wengi walisema woga. Mzee wa michikichi yeye alishughulika na bei. Kwa kiwanja cha mwinuko karibu na mji, alisema, 50 ni kidogo.