Kata Moja, Wachotaji Wengi: Somo Kuhusu Kompyuta Zinazotumia Diski Moja

Katika uwanda wa kati wa Tanzania mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, aghalabu kuanzia Desemba hadi Aprili. Msimu ukiisha, mito mingi ya Ugogo hukauka, na wenyeji huchimba visima katika mchanga wa mito hiyo ili kuyafikia maji yaliyojificha chini. Kisima cha namna hiyo ni chembamba, na ni mtu mmoja tu awezaye kuinama na kuchota kwa wakati mmoja. Aliye na kata huchota. Wasio nayo husubiri. Wawili wakilazimisha kuchota pamoja, kingo huporomoka na maji huchafuka kwa wote.

Mwalimu anayetaka kueleza jinsi kompyuta kadhaa zinavyotumia diski moja anaweza kuanzia kisimani hapo. Somo hili linatuhusu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya Serikali Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 uhamisho huo umetekelezwa kwa kasi. Leo TAMISEMI, iliyoko Dodoma, ndiyo hutangaza kila mwaka majina ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha tano. Kazi kama hiyo haiwezi kutegemea kompyuta moja, kwa maana siku itakapoharibika huduma yote itasimama. Njia mojawapo ya kujikinga ni kuunganisha seva kadhaa, yaani kompyuta zinazotoa huduma kwa nyingine, ziwe kundi moja, na kuzipa zote njia ya kuifikia diski ileile. Moja ikifa, nyingine huendelea na kazi, kwani kumbukumbu zote zi katika diski.

Lakini hapo ndipo taabu inapoanza. Tuchukue mfano wa kubuni. Katika diski imeandikwa kwamba shule fulani ya bweni ina nafasi 40. Seva ya kwanza inasoma 40. Kabla haijaandika lolote, seva ya pili nayo inasoma 40. Kila moja inampangia mwanafunzi mmoja nafasi, inatoa 1, na kuandika 39. Wanafunzi wawili wamepangwa, lakini hesabu imepungua kwa mmoja tu. Hakuna kompyuta iliyokosea kutoa, wala diski haikuharibika. Hata hivyo, mwisho wa kazi atapatikana mwanafunzi mwenye barua ya kujiunga na shule isiyo na kitanda chake. Hali huwa mbaya zaidi seva mbili zinapokosana kuhusu sehemu zipi za diski zi tupu, maana hapo moja huandika juu ya maandishi ya mwenziwe.

Dawa yake ni kufuli, ambalo ndiyo kata ya kisima chetu. Seva inayotaka kubadili kumbukumbu huomba kwanza kufuli la kumbukumbu hiyo. Ikilipata husoma, hubadili, huandika, kisha huliachia. Zinazotaka kusoma tu zaweza kulishika pamoja, kwa sababu kusoma hakumdhuru mwingine. Anayeandika hulishika peke yake. Utaratibu huu si mgeni. Kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani iliutumia katika mtambo wake ulioitwa VAXcluster, uliotangazwa mwaka 1983, ambamo kompyuta ziliweza kutumia diski zilezile kwa kupashana habari za makufuli.

Mpaka hapa mambo ni mepesi, nami naona vitabu vingi huishia hapa mapema mno. Swali gumu ni hili: aliyeshika kata akinyamaza, je, amekufa?

Seva za kundi moja hutumiana salamu mara kwa mara ili kila moja ijue kwamba nyingine zi hai. Tuseme salamu za seva moja zimekatika. Huenda umeme wake umezimika. Lakini huenda pia ni waya tu uliokatika, nayo i nzima, ikidhani kwamba ni wenzake waliokufa. Kila upande ukijitangaza kuwa ndio uliobaki, pande zote mbili zitaandika katika diski moja bila kusikilizana, na kumbukumbu za miaka zaweza kuvurugika kwa dakika chache.

Kwa hiyo kundi hupiga kura. Upande wenye zaidi ya nusu ya kura zote ndio unaoruhusiwa kuendelea. Uliopungukiwa hujisimamisha wenyewe. Kwa seva 5 zinahitajika kura 3, na haiwezekani pande mbili zote zipate 3. Kwa seva 2 zinahitajika kura 2, basi mmoja akifa aliyebaki naye husimama! Ndiyo maana katika kundi la seva mbili diski yenyewe hupewa kura ya tatu: seva inayowahi kuishika diski hupata kura 2 kati ya 3.

Hata kura hazitoshi. Seva yaweza kuzubaa kwa sekunde kadhaa, ikatangaziwa kifo, kisha ikazinduka na kuandika kile ilichokuwa imekishika mkononi, bila kujua kwamba kata imekwisha kupewa mwingine. Hivyo ni lazima izuiliwe kabla mwingine hajaanza. Njia moja ni kuizimia umeme kutoka nje. Nyingine ni kuifanya diski iwe bawabu: kila seva hujiandikisha kwake kwa ufunguo, wenye kura wakaufuta ufunguo wa mshukiwa, na tangu hapo diski hukataa maandishi yake.

Je, seva moja ikae Dodoma na nyingine Dar es Salaam? Kwa barabara ni takriban kilomita 450. Nuru ndani ya uzi wa kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwenda na kurudi kilomita 900 huchukua sekunde 0.0045. Kufuli moja linaloombwa na kujibiwa kwa safari hiyo haliwezi kupatikana zaidi ya mara 222 kwa sekunde, hata kama kompyuta zenyewe hazikawii kabisa. Tena kadiri waya unavyorefuka ndivyo yanavyoongezeka mahali pa kukatikia. Kwa umbali huo aghalabu ni afadhali kila mji uwe na diski yake, na nakala zitumwe.

Zoezi. Andika namba 40 katika daftari na uliweke mezani. Wanafunzi watano wawe seva, na mwenye kalamu ndiye mwenye kufuli. Wawili, mmoja wao akiwa na kalamu, watoke nje na mlango ufungwe.

1. Ni upande upi una haki ya kuendelea, na ni jambo gani lazima lifanyike kuhusu daftari kabla haujaandika?

2. Kundi la seva 5 laweza kupoteza seva ngapi na bado likaendelea? Likiongezwa seva ya sita, je, idadi hiyo inaongezeka?