Taka za Migomba? Hapana

Nilipoandika pendekezo la mradi wangu wa mwaka wa mwisho, kichwa kilisomeka: "Nanoselulosi kutokana na taka za migomba, Karagwe na Kyerwa." Neno "taka" nimelifuta, na sababu yake inawahusu wote wanaotaka kufanya utafiti wa aina hii.

Tuanze na sayansi yenyewe. Selulosi ndiyo inayoupa mmea nguvu. Ukichemsha nyuzi za mgomba kwenye kostiki soda unaondoa sehemu kubwa ya lignini, ile gundi inayozishikilia. Kisha unazipitisha kwenye mashine ya mgandamizo mkubwa mpaka zichanike kuwa nyuzinyuzi zenye upana wa nanomita chache hadi makumi machache. Unywele wako una kama 80,000. Njia nyingine ni asidi ya salfuriki ya takriban asilimia 64, kwa nyuzijoto 45 hivi: inakula sehemu laini, inaacha fuwele ndogo kama vijiti. Hapo usicheze, vaa glavu na miwani.

Zinafanya nini? Kiasi kidogo tu huimarisha karatasi. Japani, Mitsubishi Pencil wametia nyuzi hizi kwenye wino wa kalamu za jeli. Lakini mimi kilichonivuta ni vifungashio. Utando wa nanoselulosi ukiwa mkavu huzuia oksijeni vizuri sana, na oksijeni ndiyo inayoharibu harufu ya kahawa iliyokaangwa. Watu wa Karagwe mmenielewa. Tatizo, unyevu ukiingia, kinga inashuka; kwa hiyo lazima ukae katikati ya matabaka mengine.

Sasa rudi kibanjani. Mgomba huzaa mkungu mmoja, unakatwa, shina linapasuliwa na kutandazwa chini. Linazuia magugu, linatunza unyevu, na likioza linarudisha potasiamu ambayo mgomba unaihitaji mno. Ukija na lori ukabeba mashina, umebeba mbolea ya bibi. Tena umebeba maji, maana shina bichi ni maji kwa karibu asilimia 90. Na kuna mnyauko bakteria, ulioingia Kagera mwaka 2006: unasambaa kwa mapanga na kwa mimea yenye ugonjwa. Lori lenye mashina kutoka kibanja hadi kibanja? Jamani!

Nilifikiria maganda ya kahawa, kwa kuwa yanarundikana viwandani tayari. Ila yana selulosi kidogo kuliko nyuzi za mgomba, na lignini yake inadai kemikali zaidi.

Uganda, kampuni ya TEXFAD hutengeneza bidhaa za nyuzi za mgomba, kwa hiyo kuchambua nyuzi si ndoto. Mpango wangu mpya: nyuzi zichambuliwe kibanjani kwenye mashina yenye afya tu, panga lisafishwe kwa jiki kila shina, majimaji na mabaki yabaki palepale. Kabla ya kugusa asidi, nitapima potasiamu iliyomo kwenye nyuzi kavu zinazoondoka. Ikiwa kubwa, nitabadilisha kichwa tena.