Kinywaji cha Mtoto Hotelini

Likizo iliyopita mdogo wangu, mwenye umri wa miaka sita, aling'olewa magego mawili yaliyooza. Daktari wa meno alipouliza mtoto hunywa nini, baba alinyamaza. Mimi nilikumbuka kwamba kila tuingiapo hotelini, mhudumu huweka soda mbele ya mtoto kabla hatujaagiza, nasi hatujapata kuikataa. Basi niliporudi shuleni nilisoma habari za jambo hili, na napenda kuwaeleza niliyojifunza.

Katika jimbo la California, Marekani, ilipitishwa sheria mwaka 2018, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Yahusu mikahawa iuzayo chakula cha watoto pamoja na kinywaji kwa bei moja. Kinywaji kitolewacho bila kuombwa sharti kiwe maji yasiyotiwa sukari, au maziwa yasiyoongezwa ladha. Hata orodha ya vyakula na matangazo sharti vionyeshe vinywaji hivyo. Mji wa Davis, katika jimbo hilo hilo, ulitangulia kuweka kanuni ya namna hii mwaka 2015.

Angalieni, soda haikukatazwa. Mzazi akiitaka, huiomba akapewa. Ni nini basi kilichobadilika? Zamani aliyetaka maji ndiye aliyepaswa kusema. Sasa husema atakaye soda. Watu wengi hupokea kile kiwekwacho mbele yao, kama tulivyofanya sisi.

Na tufanye hesabu. Soda nyingi zina sukari gramu 10 hivi katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ina gramu 30. Kijiko cha chai huchukua gramu 4. Kwa hiyo chupa moja ni zaidi ya vijiko saba. Nani kati yetu angetia vijiko saba katika kikombe cha chai ya mtoto? Vijidudu vya kinywani huigeuza sukari hiyo kuwa asidi, nayo asidi hula jino.

Nilimwandikia baba haya yote. Amenijibu kwamba siku hizi, kabla ya kuketi, husema, "Mtoto mletee maji." Mdogo wangu alinuna siku ya kwanza, sasa amezoea.

Nasi tusingoje sheria. Siku ya wazazi muhula ujao, maji yatangulie mezani, na soda apewe aiombaye. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.